Mwendo wa Mshale

Ukimwomba mtu akutajie kitu kiendacho moja kwa moja bila kupinda, huenda akakutajia mshale. Hata katika mazungumzo yetu ya kila siku husema kwamba fulani amekwenda kama mshale, na maana yetu ni kwamba hakugeuka kulia wala kushoto. Macho yetu ndiyo yaliyotufundisha kusema hivyo. Lakini, msomaji, macho hayo yamedanganyika. Mshale uondokapo katika upinde hujipinda huku na huku kama samaki aogeleaye, na ukifika katika shabaha umenyooka, basi ni kwa sababu mtu fulani aliyatambua mapindo hayo na kuyawekea kiasi. Katika insha hii nataka kukueleza jinsi wanadamu walivyolijua jambo hilo, kwanza kwa mikono yao, kisha kwa vipimo, na jinsi upinde wa namna mpya uliobuniwa Marekani katika karne ya 20 ulivyoleta kazi mpya ya kuurekebisha mpaka urushe mshale ulionyooka.

Upinde ni chombo cha kale sana. Katika pango la Sibudu, nchini Afrika Kusini, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vipande vya mawe vilivyochongwa miaka ipatayo 64,000 iliyopita, ambavyo wataalamu wengi huvihesabu kuwa vyembe vya mishale. Chembe ni ile ncha kali ya mbele. Jiwe hudumu, lakini mti huoza, na kwa hiyo mishale mizima ya zamani hizo haikutufikia. Ili tuone mshale kamili hatuna budi kuja karibu zaidi na siku zetu. Mwaka 1991, katika milima iliyo mpakani mwa Austria na Italia, ilionekana maiti ya mtu aliyehifadhiwa na barafu kwa muda wa miaka ipatayo 5,300. Kando yake palikuwa na upinde ambao hajamaliza kuuchonga, na podo la mishale 14. Katika hiyo 14, mishale miwili tu ndiyo iliyokuwa tayari, yaani ilikuwa na vyembe vya jiwe na manyoya matatu matatu yaliyogandishwa kwa utomvu na kufungwa kwa uzi. Mingine 12 ilikuwa miti mitupu. Baadaye, mwaka 2001, madaktari waliipiga maiti hiyo picha za ndani wakaona chembe cha jiwe kimekwama karibu na bega. Mtu yule aliuawa kwa mshale wa mtu mwingine, ambao bila shaka ulikuwa umekwisha kutengenezwa.

Angalia manyoya yale matatu. Waswahili husema kwamba mshale usio na nyoya hauendi mbali, na fundi yule wa milimani angalikubali. Kazi ya nyoya ni kuuzuia upepo kidogo kwa nyuma. Mkia wa mshale ukitaka kuyumba upande mmoja, upepo huligonga nyoya la upande huo na kuurudisha mkia nyuma ya ncha, kama usukani uurudishavyo mtumbwi njiani. Basi watu walijua tangu kale kwamba mshale una tabia ya kuyumba, na walijua dawa yake. Jambo ambalo halikuandikwa kwa muda mrefu ni sababu ya kuyumba kwenyewe.

Ili uielewe sababu hiyo, fanya jaribio dogo. Twaa ufito mwembamba wa urefu wa mkono wako, usimamishe juu ya sakafu, kisha uukandamize kwa kiganja kutoka juu. Utaona kwamba ufito haukai wima. Hutokeza tumbo upande mmoja, kwa kuwa umesukumwa toka mwisho mmoja, na mwisho wa pili unakataa kuondoka upesi. Mshale nao hufanywa hivyo hivyo. Upote, yaani ule uzi wa upinde, huupiga mshale nyuma kwa nguvu kubwa na kwa ghafula, na chembe kizito kilichoko mbele hukawia kuondoka. Katikati ya nguvu hizo mbili mti wa mshale, ambao mafundi huuita wano, hauna la kufanya ila kupinda.

Kuna jambo la pili. Katika upinde wa kawaida mshale haupiti katikati ya mti wa upinde, bali hupita ubavuni mwake. Mpigaji wa mkono wa kuume huuweka mshale upande wa kushoto wa upinde. Avutapo, mshale huelekea shabaha. Lakini aachiapo, upote hukimbilia katikati ya upinde, na mkia wa mshale huenda pamoja nao. Kwa hesabu ya haraka ungesema kwamba ncha itasukumwa kushoto na mshale utapotea. Hata hivyo mpigaji hodari hupiga pale alipolenga. Fumbo hili ndilo lililowatatiza watu wa vitabu. Jawabu lake ni kwamba wano likiwa na ugumu ufaao, hupinda kuuzunguka upinde, kisha hupinda upande wa pili, na mkia hupita ubavuni bila kuugusa. Wano likiwa gumu kupita kiasi, halipindi vya kutosha, nalo huenda kushoto. Likiwa laini kupita kiasi, hupinda mno na kwenda kulia. Mpigaji wa mkono wa kushoto huona kinyume chake.

Sasa utaelewa kwa nini mshale mzuri katika upinde mmoja huweza kuwa mbaya katika upinde mwingine. Upinde mkali huhitaji wano gumu. Upinde mwepesi huhitaji wano laini zaidi. Ukimpa mtu upinde wa jirani yake na mishale ya mwingine, kisha ukamcheka kwa kukosa shabaha, umemdhulumu.

Mafundi wa kale walilijua hilo. Nchini Uingereza, mwaka 1545, mwalimu mmoja wa Cambridge aitwaye Roger Ascham alitoa kitabu kiitwacho Toxophilus, kilichoandikwa kwa njia ya mazungumzo ya watu wawili, kueleza ufundi wa upinde. Humo aliipima miti mbalimbali ifaayo kwa mishale, akaonyesha kwamba mshale hauna budi kulingana na upinde na mpigaji wake, na akalisifu nyoya la bata bukini kuliko manyoya mengine. Mwaka huo huo wa 1545 manowari ya mfalme wa Uingereza iitwayo Mary Rose ilizama, na ilipoinuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1982, pinde zaidi ya 130 na maelfu ya mishale vilipatikana. Kwa hiyo twaweza kukisoma kitabu cha mwalimu yule, na pia twaweza kuitazama mishale ya siku zake.

Hapa petu Kenya mambo yalikuwa vingine. Watu wa jamii ya Waata, waliokaa katika nyika ya mashariki pande za Tsavo, walikuwa wakiwinda ndovu kwa upinde na mshale wenye sumu ya mti wa msunguti. Pinde zao zilihesabiwa miongoni mwa pinde zenye nguvu sana duniani. Kuzivuta nyingine kulihitaji nguvu ya ratili 100 na zaidi. Fikiri, msomaji, ni ujuzi gani uliohitajika kuchagua wano litakalostahimili pigo la upinde kama huo bila kuvunjika wala kwenda kombo, hali mwindaji amesimama hatua chache tu kutoka kwa ndovu. Mshale uliokwenda kombo mahali hapo haukuwa jambo la kuchekesha. Wakamba nao, na Wagiriama, walikuwa na mafundi wa mishale waliosifika. Lakini mbuga ya Tsavo ilitengwa kwa ajili ya wanyama mwaka 1948, na katika kampeni ya mwaka 1956 na 1957 wawindaji wengi wa Kiwaata walikamatwa na kufungwa. Uwindaji wote wa michezo ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Sheria hizo ziliwaokoa ndovu wengi, nasi twaona faida yake. Hata hivyo, kila fundi mzee alipofariki bila mwanafunzi, sehemu ya elimu ya mshale ilizikwa pamoja naye, kwa sababu yeye hakuwa na Toxophilus wake.

Katika miaka ya 1930 wataalamu wa Marekani walilivalia njuga fumbo la mshale kwa njia mpya. Daktari Robert Elmer, ambaye alikuwa mpiga mishale hodari, ndiye aliyelipa fumbo lile jina la kitendawili cha mpiga mishale. Clarence Hickman, aliyekuwa mtaalamu katika maabara ya simu ya Bell, na Paul Klopsteg, mwalimu wa fizikia, walishirikiana na mhandisi Forrest Nagler kuyapima mambo ya upinde. Walitumia kamera ipigayo picha nyingi sana katika sekunde moja, na picha hizo zilipoonyeshwa polepole, kila mtu aliweza kuona kwa macho yake wano likipinda, likiuzunguka upinde, na kupinda tena. Maandishi yao yalikusanywa katika kitabu mwaka 1947. Tangu hapo hapakuwa na haja ya kubishana. Kitendawili kilikuwa kimeteguliwa.

Karibu na wakati huo fundi mmoja wa California, Doug Easton, alikuwa anasumbuliwa na jambo jingine. Alitengeneza mishale ya mti, na kila mti una tabia yake. Mawano mawili yaliyotoka katika ubao mmoja huweza kutofautiana kwa ugumu, na mpigaji akilenga vile vile mara mbili, mishale yake hupiga mahali pawili. Mwaka 1939 Easton alianza kutengeneza mishale ya bomba la alumini, ambayo yote hulingana. Mwaka 1941 mpigaji aitwaye Larry Hughes aliushinda ubingwa wa Marekani kwa mishale hiyo. Baadaye ugumu wa wano uliwekewa kipimo ambacho hata wewe waweza kukifahamu. Wano hulazwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, kisha uzito wa gramu 880 hutundikwa katikati yake. Wano likishuka nusu ya inchi, huandikwa namba 500, yaani sehemu 500 katika 1,000 za inchi. Likishuka kidogo zaidi, namba huwa ndogo, na wano ni gumu zaidi. Jambo ambalo mzee wa nyikani alilijua kwa kulipinda wano katika vidole vyake, sasa liliweza kuandikwa kwa tarakimu na kupelekwa kwa barua.

Ndipo akaja mtu aliyeubadili upinde wenyewe. Jina lake lilikuwa Holless Wilbur Allen, mkazi wa jimbo la Missouri nchini Marekani. Alitaka mshale wake uende kasi zaidi, lakini aliijua taabu ya upinde wa kawaida: kadiri uuvutavyo ndivyo unavyozidi kuwa mzito, na uzito wake huwa mkubwa kabisa wakati ule ule ambao mpigaji hutaka kutulia na kulenga. Allen aliikata mikono ya upinde, akafunga roda katika ncha zake. Roda ni gurudumu dogo lenye mfereji ukingoni, kama lile lipitishalo kamba ya kupandishia tanga la jahazi. Ufundi wake ulikuwa katika kulitoboa gurudumu: tundu la kulizungushia hakuliweka katikati, bali kando. Kwa hiyo roda inapozunguka, kamba huwa mara karibu na tundu, mara mbali nalo, na kazi ya mvutaji hubadilika. Mwanzoni upinde huwa mzito; roda ikikaribia mwisho wa mzunguko wake, uzito hupungua. Allen aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1966, akapewa mwezi wa Desemba mwaka 1969. Alifariki mwaka 1979 baada ya ajali ya motokaa.

Pima faida yake kwa hesabu. Pinde nyingi za roda za siku hizi humpunguzia mpigaji kiasi cha asilimia 80 ya uzito. Basi aliyevuta upinde wa ratili 60 hushika ratili 12 tu anapolenga, nazo nguvu nyingine zimehifadhiwa katika mikono ya upinde zikingoja kuachiwa. Mshale wa upinde huo huweza kwenda mita 90 kwa sekunde, hata ukifika shabaha iliyo mbali mita 20 kabla ya robo ya sekunde kwisha. Baadhi ya wapiga mishale wa zamani walikataa kabisa kukiita chombo hicho upinde. Walisema ni mtambo. Lakini vijana wengi walikipenda.

Hata hivyo mtambo huo haukuja na raha tupu. Upinde wa mti mmoja una vitu vichache vya kuharibika. Upinde wa Allen una roda mbili, kamba zaidi ya moja, skrubu, na mahali pa kuuegemeza mshale panapoweza kusogezwa. Kila kitu kiwezacho kusogezwa chaweza kusogezwa vibaya. Tena wapigaji wa upinde huu wengi hawauachii upote kwa vidole, bali hutumia kifyatulio kidogo cha chuma. Vidole huusukuma upote kando unapoondoka, lakini kifyatulio huuachia bila kuusukuma. Kwa hiyo taabu ya kulia na kushoto ilipungua, na taabu ya juu na chini ikaonekana zaidi. Roda ya juu na roda ya chini zisipomaliza mzunguko wao pamoja, upote hauendi mbele kwa usawa, bali huupandisha mkia wa mshale au huushusha njiani. Ndivyo ilivyozaliwa kazi ya kuurekebisha upinde, ambayo leo ina mafundi wake, kama vile kinanda kilivyo na watu wa kukitengeneza sauti.

Kazi hiyo ina utaratibu, nami nakuomba uufuate kwa makini, maana una mafunzo zaidi ya upinde. Kwanza fundi hulinganisha roda mbili. Huuvuta upinde kwa mashine polepole, akatazama kama roda zote mbili zinafika mwisho kwa wakati mmoja. Ikiwa moja imetangulia, husokota kamba yake au huisokotoa mpaka zilingane. Pili, huuweka mshale mahali pake na kutazama kwamba unakutana na upote kwa pembe mraba au karibu nayo, na kwamba umeelekea mbele katika mstari mmoja na njia ya upote. Hapo tu ndipo anapoanza kupiga.

Jaribio la kwanza ni la karatasi. Karatasi moja hutandazwa katika fremu mbele ya shabaha, na mpigaji husimama kiasi cha mita 2 tu, akapiga mshale upenye karatasi hiyo. Tundu lililobaki ni ushahidi wa jinsi mshale ulivyopita. Ncha hutoboa tundu la mviringo, na manyoya huacha mapasuko yao. Mapasuko yakilizunguka tundu vizuri, mshale ulikuwa umenyooka. Yakiwa juu ya tundu, mkia ulipita juu ya ncha. Fundi hushusha kidogo mahali pa kupachikia mshale katika upote, kisha hupiga tena. Yakiwa kando, hulisogeza egemeo la mshale, tena kwa kiasi kisichozidi milimita moja kila mara, au hutafuta wano la ugumu mwingine. Husogeza kitu kimoja tu, akapiga, akaandika. Akisogeza viwili kwa pamoja na tundu likawa zuri, hatajua ni kipi kilichoponya; na likiwa baya zaidi, hatajua ni kipi kilichodhuru.

Jaribio la pili hustaajabisha wengi. Mpigaji hutwaa mishale michache yenye manyoya, pamoja na mmoja au miwili isiyo na manyoya hata kidogo lakini ya wano lile lile, akaipiga yote katika shabaha iliyo mbali mita 15 hadi 20. Tulianza kwa kusema kwamba mshale usio na nyoya hauendi mbali. Mbona basi aupige? Anaupiga kwa sababu nyoya huficha kosa. Mshale wenye manyoya ukiondoka kombo, manyoya huushika na kuurekebisha njiani, na mpigaji huona umefika, akadhani upinde wake ni mzima. Mshale mtupu hauna wa kuusitiri. Ukiondoka kombo huendelea kombo, na huenda kuchomeka mbali na wenzake. Kwa hiyo mshale mtupu ukichomeka pamoja na wenye manyoya, fundi huridhika kwamba upinde umerekebishwa, na manyoya yamebakiwa na kazi ndogo.

Pengine utauliza, kama manyoya yaweza kusahihisha, kuna haja gani ya taabu yote hiyo? Jawabu ni kwamba kila sahihisho lina gharama. Mshale uyumbao hupoteza kasi, na upepo huuchukua kwa urahisi. Tena ufikapo umelala upande, nguvu zake hazisukumi ncha moja kwa moja, bali hupotea katika kulipinda wano. Katika nchi ambazo sheria bado inaruhusu kuwinda kwa upinde, jambo hili lina uzito mkubwa. Vyembe vya kuwindia vina makali mapana, nayo makali hayo hushika upepo mbele kama manyoya yashikavyo nyuma. Mshale ulioondoka kombo huvutwa na makali yake mwenyewe, ukampata mnyama mahali pasipostahili, naye akakimbia akiwa na jeraha, akafa kwa mateso baada ya siku nyingi. Mwindaji mwenye utu hawezi kulitazama jambo hilo kama mzaha.

Hatari nyingine ni ya mpigaji mwenyewe. Mshale laini mno kwa upinde mkali huweza kuvunjika upigwapo, na vipande vyake vikauchoma mkono ulioushika upinde. Ndiyo sababu mishale ya siku hizi huchunguzwa na kupindwa kidogo kwa mikono kabla ya kupigwa, ili ufa usikike au uonekane. Upinde hauachiwi kamwe bila mshale, kwa maana nguvu ambazo zingechukuliwa na mshale huurudia upinde wenyewe na kuuvunja. Wala haulengwi kwa mtu, hata kwa mchezo.

Lakini kuna kosa ambalo skrubu haliwezi kuliondoa. Mpigaji akikisokota kishikio cha upinde kwa kiganja chake, karatasi itapasuka kando hata upinde ukiwa umerekebishwa sana. Akiendelea kulisogeza egemeo la mshale, atauharibu upinde uliokuwa mzima. Kwa sababu hiyo fundi mwenye busara humpa mpigaji mwingine upinde ule ule apige karatasi ile ile. Mapasuko yakibadilika, kosa ni la mkono. Yakibaki vile vile, kosa ni la upinde. Wako watu ambao kila wakosapo husingizia chombo, na wako wengine ambao hujilaumu wenyewe maisha yao yote kwa kosa la chombo walichopewa. Wote wawili wamekosa kufanya jaribio hili dogo.

Upinde wa Allen umekwenda mbali tangu kukatwa kwa upinde ule wa kwanza huko Missouri. Mashindano ya upinde yalirudishwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1972 baada ya kukosekana tangu mwaka 1920, nayo yalikuwa ya upinde usio na roda. Katika Olimpiki ya mwaka 2016 huko Rio de Janeiro bendera ya Kenya ilibebwa na mpiga mishale, Shehzana Anwar, aliyeshindana kwa upinde huo. Upinde wa roda uliingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 1995, na katika Olimpiki umepangiwa kuingia mara ya kwanza mwaka 2028 mjini Los Angeles. Lakini katika michezo ya Olimpiki ya walemavu ulikuwa umekwisha kuingia zamani. Huko Paris mwaka 2024 Mmarekani Matt Stutzman, aliyezaliwa bila mikono, alishika upinde wa roda kwa mguu wake na kushinda medali ya dhahabu. Chombo kilichobuniwa ili kumpunguzia mpigaji uzito wakati wa kulenga kilimfaa mtu ambaye pengine mvumbuzi wake hakumfikiria.

Sasa rudi nyuma kidogo, msomaji, uwatazame watu wote tuliowataja. Mtu wa barafuni alijua manyoya. Mwata alijua wano. Ascham aliuliza mafundi na kuandika. Hickman na wenzake walipiga picha na kupima. Easton alisawazisha, na Allen alibuni. Usidhani kwamba wa mwisho alikuwa na akili kuliko wa kwanza. Tofauti kubwa ni kwamba wa mwisho aliyakuta maarifa ya waliomtangulia yameandikwa, na hakuhitaji kuanza upya.

Huenda katika kijiji chako, au katika kijiji cha mama yako, yupo mzee aliyepata kuchonga mishale katika ujana wake. Mwendee kwa adabu, pamoja na daftari. Muulize alikata mti gani na msimu gani, aliunyoosha vipi, alitumia nyoya la ndege gani, na alijuaje kwamba wano hili lafaa kwa upinde huu wala si kwa ule. Usimkatize, wala usimsahihishe kwa yale uliyoyasoma hapa. Andika kama asemavyo, uweke jina lake na tarehe. Anayoyajua hayamo katika kitabu chochote cha shule yako, na ukichelewa hutapata wa kumwuliza.